Honi ya Bawa la Kushoto

Nasimulia haya mchana, nyumba ikiwa na watu, na nina sababu yangu.

Mjomba wangu Omwenga alikuwa fundi wa ndege. Msifikirie uwanja mkubwa wenye taa. Ilikuwa ndege moja ndogo ya viti vinne, mali ya Kipkorir, tajiri mwenye shamba la chai upande wa Kiptere, na uwanja wenyewe ulikuwa ukanda wa nyasi uliokatiza katikati ya michai. Miaka hiyo ya tisini ng'ombe walilishwa pale asubuhi, kisha wachumaji wakavuka na vikapu kwenda kupima majani. Alasiri mvua ya mawe ilinyesha, kama kawaida ya Kericho, naye mjomba akafunga banda akaenda nyumbani kunywa chai na mkewe, anti Nyambeki. Haikuwa kazi mbaya.

Kabla ya kutua, ndege ilipaswa kuzunguka mara moja juu ya uwanja ili watu na ng'ombe wapishe. Kila mtu alilijua hilo. Siku moja Kipkorir, ambaye aliiendesha ndege mwenyewe, aliona mvua inamfuata akashuka moja kwa moja. Bawa la kushoto likampiga mchumaji mmoja, msichana aliyeitwa Nelvine, kikapu kikiwa mgongoni. Tuliambiwa alikufa papo hapo.

Kipkorir alisema msichana ndiye aliyeikimbilia ndege. Wachumaji walikuwa wameona, lakini nyumba walizolala zilikuwa zake, basi wakameza maneno yao. Nelvine alilelewa na nyanya yake, ambaye sote tulimwita Kogo, kama Wakipsigis wanavyowaita nyanya zao. Kogo alipelekewa gunia la mahindi. Gunia la mahindi, kwa mjukuu! Hata leo nikikumbuka, damu inanichemka.

Baada ya mazishi, honi ikaanza.

Nieleze kidogo. Mbele ya bawa la kushoto la ndege ile kulikuwa na tundu dogo, na kutoka hapo mpira ulipita ndani hadi kwenye honi iliyokuwa karibu na sikio la rubani. Ndege ikipunguza mwendo kupita kiasi, bawa likakaribia kuukosa upepo unaoibeba, hewa hufyonzwa kupitia tundu lile na honi inalia, kumwonya rubani kwamba asipofanya kitu ataanguka. Ni sauti nyembamba, kama ya mtu anayelilia puani. Ndege ile ilipokaribia kugusa nyasi ililia kidogo, na wachumaji walikuwa wameizoea. Kuipima, fundi huweka leso safi juu ya tundu, akaweka mdomo, akafyonza.

Sasa ikawa inalia ndege ikiwa imesimama bandani, bila upepo na bila mtu.

Mjomba akaifungua. Ndani ya honi alikuta majani mawili na chipukizi, vilevile mchumaji anavyofundishwa kuchuma. Yalikuwa mabichi. Aliyatoa, akasafisha mpira wote, akafunga. Kesho yake honi ikalia tena. Akafungua. Majani mawili na chipukizi.

"Omwenga, hiyo kelele ni ya nini?" Kipkorir alimuuliza. "Hata nikiwa juu kabisa, speed iko sawa, inanililia tu kwa masikio."

"Bado natafuta shida, bosi."

"Tafuta haraka. Jumamosi tunapaa kuijaribu, na wewe utakaa hapa kando yangu. Kama umetengeneza vibaya, tuanguke wote."

Mjomba alirudi nyumbani akakataa chakula. Alijua ni nani anayelia mle ndani. Alijua pia kwamba akikataa kupanda atafukuzwa, na akipanda huenda asishuke akiwa hai.

Hapo ndipo alipofanya kosa ambalo ni Mkisii aliyekaa sana na Wakipsigis tu angeweza kulifanya. Alikuwa ameona kwa majirani kwamba mtoto akizaliwa, wanawake wazee huita majina ya marehemu wa ukoo, moja baada ya jingine. Mtoto akipiga chafya jina fulani linapotajwa, basi huyo marehemu ndiye aliyerudi naye. Mjomba aliijua desturi kwa kuchungulia tu. Akawaza, Kogo akija kuita majina, aliyemo ataitika, kisha pasta atamwombea atoke.

Kogo alikuja mchana, ukungu ukiwa umeshuka mpaka mlangoni mwa banda. Akaweka kiganja juu ya bawa. Akaita jina la mama yake. Kimya. Akaita la babake. Kimya. Akaita la dada yake mkubwa. Kimya. Kisha akainama karibu na lile tundu, akanong'ona.

"Nelvine."

Honi ikalia. Hakuna mdomo wa mtu uliokuwa umeigusa.

Kogo akatabasamu. Mjomba alisema tabasamu lile lilimtisha kuliko honi yenyewe.

"Sasa iko na jina," Kogo alisema.

"Basi mwambie atoke, Kogo. Tafadhali."

"Atoke aende wapi? Jina ikiitika hairudishwi. Hii ndege ni mtoto yangu sasa." Akamkazia macho. "Na wewe ndio uliosha bawa."

Mjomba akaokota leso yake, akaanza kuikunja.

"Sema. Sema yote, mchana, mbele ya watu. Ukisema yote hatakugusa."

Tangu saa ile honi ikatulia. Mjomba akiweka leso na kufyonza, inalia vizuri. Akiacha, inanyamaza. Kipkorir akafurahi, akampiga begani, akamwambia ajitayarishe.

Jumamosi ikafika. Wachumaji walikuwa wamepanga foleni penye mizani, na Kipkorir akaja kumwita fundi wake. Mjomba akasimama katikati ya vikapu.

"Nelvine hakukimbilia ndege," alisema. "Bosi hakuzunguka. Mimi niliona kwa macho yangu."

Watu wakatua vikapu. Kogo alikuwa pale, akimwangalia, akingoja. Mjomba akafungua mdomo. Akaufunga. Mambo ya kuosha bawa hakuyasema.

Kipkorir alicheka. "Toa vyombo vyako kwa nyumba yangu kabla mvua inyeshe," alisema, akaingia ndegeni peke yake.

Alirudi mawingu yakiwa yameanza kuwa meusi. Wachumaji walimwona akishuka juu ya michai, polepole, pua ya ndege ikiwa juu. Polepole mno. Wakatega masikio. Kila siku ndege ile ilikuwa ikilia kabla ya kugusa nyasi.

Siku hiyo haikulia.

Bawa la kushoto likaanguka kwanza. Ndege ikalifuata. Mahali palepale.

Hakuna aliyekimbia kwenda kusaidia. Walimaliza kupima majani kwanza, na mimi sitajifanya kwamba ninawalaumu.

Wataalamu walikuja kutoka Nairobi, wakaifyonza honi pale kwenye mabaki, ikalia. Walisema haina kasoro yoyote.

Mjomba na anti walihamia Chebunyo, kwenye joto na mbuzi, akafungua mashine ya kusaga unga. Lakini kifua chake hakikuwa sawa tena. Akilala, kila alipovuta pumzi, sauti nyembamba ilitoka ndani, kama ya mtu anayelilia puani. Daktari aliita pumu. Anti Nyambeki hakuiita chochote. Alihamia kulala jikoni.

Mwaka juzi mjomba aliugua sana, nikaenda kumuuguza. Jioni moja alinishika mkono akaninong'oneza. Nelvine hakufa papo hapo. Kipkorir alimwamuru mjomba aoshe bawa kwanza, kabla watu wa polisi hawajaja, ndipo msichana apelekwe hospitali. Mjomba akachota maji. Alikuwa akiosha, na nyuma yake, kwenye nyasi, Nelvine alikuwa akivuta pumzi. Aliisikia ile sauti. Akaendelea kuosha mpaka ikaisha.

"Usimwambie mtu," aliniambia.

Alipomaliza, kifua chake kikatulia. Mara ya kwanza tangu Kiptere. Anti alilia kwa furaha, nami nikamshukuru Mungu. Tulisahau kwamba hata ile ndege ilinyamaza kwanza.

Asubuhi tulimkuta amekufa. Tulipotaka kumfunga taya kwa leso, tukaona kitu juu ya ulimi wake. Anti alikitoa kwa vidole viwili. Majani mawili na chipukizi, mabichi, yenye umande. Chebunyo nzima hakuna mche wa chai.

Nilitii, nikanyamaza. Kisha wiki iliyopita mume wangu aliniamsha, akaniuliza ni nani anayelia kifuani mwangu.

Basi mmesikia. Nimesema yote, mchana, mbele ya watu.