Dengi ya Pili

Kila jioni Sada alikuna nazi nyuma ya jiko lao kule Kinjumbi, na kila kifuu alichomaliza alikirusha kwenye lundo la kuni. Vifuu huwaka vizuri. Ila mvua zilikuwa zimeanza, na vile vilivyolala chali vilijaa maji.

"Vigeuze kifudifudi," alisema mama yake. "Zahanati wametangaza, dengi imeingia. Mbu wake wanazaliana kwenye maji safi kama hayo. Na uvae mikono mirefu, wanauma mchana."

"Mama, mimi dengi nilishaugua mwaka juzi."

"Sikukuuliza. Vigeuze."

Mama alipoondoka, Sada aligeuza vichache, akakaa. Binamu yake Rehani, aliyekuja likizo kutoka Mitwero, akamtazama.

"Wewe mgeni ndiye uogope," Sada alimwambia. "Dengi ni kama tetekuwanga. Ukishaugua, basi, haikurudii."

"Haya, daktari," alisema Rehani, akaendelea kugeuza vifuu peke yake.

Wiki iliyofuata Sada aliamka na homa. Macho yalimuuma kwa nyuma na viungo vilimuuma kama vimevunjika. Mama alipomuuliza, alijibu kwamba ni mafua tu. Angekiri vipi, wakati vifuu alivyoagizwa kuvigeuza alimwachia Rehani? Baada ya siku kadhaa homa ikashuka, naye akatamba kwamba amepona. Lakini tumbo lilianza kumkata, na asubuhi moja alipokuwa akipiga mswaki, alitema mate mekundu. Rehani aliyaona.

"Usimwambie mama."

"Nisipomwambia?"

"Utakuwa rafiki yangu. Ukimwambia, nitakuchukia."

Rehani alifikiri kidogo. "Basi nichukie," akasema, akaenda jikoni.

Mama hakuuliza mara mbili. Alijifunga khanga, akasimamisha bodaboda, akampakia Sada katikati hadi kituo cha afya. Huko walimpima damu, wakakuta ni dengi tena, wakamtundikia dripu, wakawa wanamwangalia kila mara, mchana na usiku. Mama alikaa kitandani pale akimshika mguu.

Hatari ilipopita, muuguzi Theresia alikuja kuangalia dripu.

"Shikamoo," Sada alisema. "Mbona nimeugua tena?"

"Marahaba. Virusi vya dengi ni kama ndugu wanne, wanafanana sura. Mwaka juzi mwili wako ulipigana na mmoja, ukamkariri, na huyo hakusumbui tena. Safari hii amekuja ndugu yake. Sasa fikiria mlinzi wa ghala la korosho anayemjua mwizi mmoja tu. Anamwona huyu, anasema ndiye yule yule, anamkamata kwa mtindo wa zamani. Kumbe hakumfunga sawasawa, na katika purukushani mwizi anapenya ndani ya ghala. Ndiyo maana dengi ya pili inaweza kuwa kali kuliko ya kwanza."

"Kwa hiyo mwili kukumbuka ni kubaya?"

"Hapana. Mara nyingi kumbukumbu hiyo ndiyo inayotuokoa. Tetekuwanga, kwa mfano, kwa kawaida haikurudii. Lakini kila kirusi kina tabia yake. Na homa ya dengi ikishuka, ndipo tunapokaa macho zaidi, siyo ndipo tunapotamba."

Sada aliinamisha kichwa. "Mama, nilikudanganya. Niliogopa utasema ulinionya."

"Ningesema," alijibu mama. "Ningesema njia nzima, huku nakuleta hapa. Maneno yangu hayajamuua mtu, Sada. Ugonjwa uliofichwa unaua." Akamfunika vizuri shuka. "Kujua kidogo ni kuzuri, lakini kusikufanye uache kuuliza wanaojua zaidi. Na mwili ukikuuma, sema mapema, hata kama umekosea. Kosa tutalizungumza ukiwa mzima. Sasa kunywa huo uji."