Shati la Gjeto Markaj

Prenda Markaj, jirani yangu hapa Shkodra, Albania, alikuwa mwaka wa tatu chuoni, akisomea historia. Asubuhi ile alikula byrek yake ya jibini, akanywa kahawa, akaingia darasani na mfuko wa plastiki. Ndani mlikuwa na shati la marehemu Gjeto, kaka wa babu yake. Anayebisha aje kwangu na chupa ya raki, nimwapie.

Huko milimani kwao, shati la aliyeuawa hutundikwa ukutani mpaka damu yake ilipwe. Ya Gjeto haikulipwa. Prenda alilichomoa bibi yake akiwa zizini, kwa sababu Profesa Kolndreu alitishia kumwangusha mtihani.

"Wenzako wanaleta ushahidi, wewe unaniletea porojo!"

Haya, ushahidi huo hapo mezani. Tundu la risasi, na doa lililoiva rangi ya kutu. Profesa mwenyewe alinywea.

Kufumba na kufumbua, Zef, mchumba wa Prenda na mchekeshaji wa darasa, akalivaa.

"Jamani, si nimependeza? Niozesheni leo leo!"

"Vua, mjinga wewe," Prenda alinong'ona, huku akicheka.

Zef alijaribu kuvua. Vifungo vikajifunga, kimoja kimoja, hadi kooni.

Doa likalowa. Likaanza kudondoka sakafuni.

Zef alimrukia profesa, akamkaba, akampigiza kichwa ubaoni. Jino likaruka. Akampigiza tena. Kijana mmoja alikwenda kuamua. Mkono wake ukavunjwa kama kijiti.

"Kolndreu," ilisema sauti ya mzee kinywani mwa Zef. "Babu yako alinipiga risasi mgongoni."

Na shati lilikuwa linabana. Mbavu za Zef zilialika. Damu ikamtoka puani, ikamtoka mdomoni. Macho yake, yake mwenyewe, yalimtafuta Prenda.

"Babu, mwachie!" Prenda alilia. "Nimesamehe! Damu imekwisha!"

Sauti ilicheka. "Mwanamke hana damu ya kudai. Hana ya kusamehe."

Prenda alilijua hilo. Aliliandikia sura nzima katika tasnifu yake. Tena alijua mlango mmoja tu uliobaki: mwanamke aape kuwa mwanamume, asiolewe maisha yake yote, ndipo neno lake lihesabiwe.

Ubavu mwingine ukaalika.

Alinyakua mkasi mezani. Akakata msuko wake, akautupa kwenye damu.

"Naapa mbele ya hawa wote," alisema. "Tangu leo mimi ni mwanamume. Sitaolewa. Na mimi, mwanamume wa Markaj, nasema damu imesamehewa."

Vifungo vikafunguka.

Zef alipona. Profesa naye alipona, lakini hata jua likiwaka hathubutu kuvua skafu. Daktari aliyemtibu ni mshirika wangu wa karata: anasema mkono uliomkaba ulimwachia shingoni alama za vidole sita.

Zef ana vitano. Nimevitazama mwenyewe. Mwenye sita alikuwa marehemu Gjeto.

Majuzi Zef alimfuata Prenda na pete. "Mpenzi, hayo mambo ya kale. Tuoane tu."

Prenda, suruali mwilini na kofia kichwani, alimpa mkono kama wanaume wanavyopeana.

"Karibu, ndugu yangu."

Zef aliushika. Kisha akauachia ghafla, akarudi nyuma hadi mlangoni, akisugua kiganja chake kwenye koti, akisugua tu. Pete ilibingirika chini ya meza.

Prenda alisubiri mpaka nyayo zake zikapotea. Ndipo akautazama mkono wake, akahesabu vidole hadi sita, akaurudisha mfukoni.