Sahani ya Mnong'ono

Jua lilikuwa linazama, na Mwalimu Sumaku alikuwa anawahi Nyumba ya Sayansi kabla hawajafunga, sanduku la majaribio kwapani. Safari ya kawaida tu. Kila mwezi aliazima sanduku la kufundishia: mara la maji, mara la mwanga, mara la umeme. Familia nazo huazima, watoto wakajaribu mambo nyumbani na wazazi wao. Jina la Sumaku alibandikwa na wanafunzi, kwa kuwa alipenda kuwaonyesha sumaku, na kwa kuwa, wenyewe walisema, hakuna kosa linalompita bila kumnasa mtu.

Lipo moja lililompita. Sikiliza vizuri, maana hata yeye halisemi kwa kujisifu.

Muhula uliopita aliazima sanduku la hadubini. Badala ya kulipeleka darasani akalipitisha kwanza kwake, kwa sababu wakwe walikuwa wanakuja, na alitaka wajue kwamba mtoto wao hakuoa mtu wa hivi hivi. Akaweka mguu wa nzi, wakwe wakachungulia, wakastaajabu, naye kichwa kikamvimba. Wakati wa kuihamisha juu ya vikombe vya chai ikamponyoka. Kioo kikapasuka.

Kanuni ya kuazima ilikuwa fupi. Kifaa kikivunjwa na mtoto anayejifunza, husamehewa. Kikivunjwa na mwalimu kwa mambo yake, shule nzima haiazimi tena.

Siku ya kulirudisha lile sanduku aliwapeleka wanafunzi kuitembelea Nyumba ya Sayansi, na aliyelibeba njiani alikuwa msichana wa miaka kumi waliyemwita Kasuku, maana mdomo wake haukujua likizo. Ukumbini mle kulikuwa na sahani mbili kubwa za chuma, kila moja imempita mtu kimo, zimetazamana ukuta kwa ukuta. Ukinong'ona ndani ya moja, aliye kwenye ya pili anakusikia kana kwamba umemwekea mdomo sikioni. Aliyesimama katikati haambulii kitu. Kasuku alikuwa kwenye sahani ya mbali, anacheka. Mwalimu akaiinamia ya kwake.

"Ile hadubini," akanong'ona. "Sema ni wewe. Watoto husamehewa."

Mtoto akaacha kucheka. Akaenda kaunta, akasema ni yeye.

Nyumba ya Sayansi walimsamehe kweli. Mwalimu mkuu hakusamehe. Alimsimamisha mbele ya shule nzima, akamwita mharibifu, na watoto wakarudia jina hilo mpaka getini. Mwalimu Sumaku alikuwa kwenye mstari wa walimu, anaangalia viatu vyake.

Tangu siku ile Kasuku hakusema neno.

Hata moja.

Hospitali walitazama koo, ulimi, masikio, vyote vizima. Bibi yake akasema mtoto amefungwa sauti, tena na mtu wa karibu, maana kikulacho ki nguoni mwako. Macho yote yakamwangukia shangazi, dada wa baba, aliyekuwa na ulimi mkali na hakuwa na mtoto. Wakamfungia mlango. Mama Kasuku alikwenda mpaka shuleni. "Mwalimu, wewe unashinda naye. Nani kamloga mwanangu?"

"Sijui, mama," Mwalimu Sumaku akajibu. Alisema hivyo huku anamwangalia usoni.

Basi jioni hii mama wa kaunta alipokea sanduku, akahesabu vifaa, akasema, "Ningoje kidogo, mwalimu wangu, nikafunge madirisha ya juu." Akapanda ngazi. Ukumbi ukabaki na taa moja. Mwalimu akasikia harufu ya penseli iliyochongwa sasa hivi. Akageuka. Hakuna mtu.

Sss... sss...

Ilitoka kwenye sahani. Alitaka asisogee, akasogea.

"Sema ni wewe."

Ile ilikuwa sauti yake mwenyewe, mnong'ono wake ule ule, hata ile pumzi fupi ya mwishoni. Juu, dirisha likafungwa kwa kishindo.

"Nani huko?" akanong'ona.

"Sema ni wewe..."

Hofu alikuwa nayo, lakini kilichomchoma zaidi ni aibu. Aliona mikono midogo iliyobeba sanduku, akaona viatu vyake mwenyewe siku ile. Akausogeza uso kwenye chuma baridi.

"Ni mimi," akanong'ona. "Ni mimi niliyevunja."

Sahani ikanyamaza.

Basi moyo ukamtulia, na hapo ndipo ninapomkasirikia. Alijiona ameshatubu. Kukiungamia chuma ni rahisi. Chuma hakina mama wa kukuuliza kitu.

"Unaongea na nani?" Mama wa kaunta alikuwa ameshashuka.

"Na... huyo wa upande wa pili."

"Upande wa pili hakuna sahani. Ilipinda, iko kwa fundi tangu mwezi juzi."

Mwalimu akatazama. Ukuta mtupu. Matundu manne ya bolti, basi.

"Usione haya," mama yule akasema taratibu. "Wengi huja kuisemesha. Mimi nikifagia huku, mdomo wangu naufunga."

Miguu ikampeleka kwa kina Kasuku bila kuulizwa. Mama mtu alifungua mlango anacheka na kulia pamoja.

"Mwalimu, ameongea. Sasa hivi tu, wakati nawasha taa."

"Amesema nini?"

Kicheko kikapungua. "Yale yale. Maskini, bado anajilaumu. Na sauti imekuwa nzito, sijui koo limekauka. Ingia umsikie."

Kasuku alikuwa mezani, anachonga penseli. Harufu ile. Akainua macho.

"Ni mimi," mtoto akanong'ona. "Ni mimi niliyevunja."

Ilikuwa sauti ya mtu mzima. Ilikuwa sauti ya Mwalimu Sumaku, pumzi fupi na yote.

Hapo akaelewa toba yake ilikwenda kutua wapi. Mara ya pili amemtwisha mtoto mzigo ule ule.

"Huyo shangazi yake Mungu atamlipa," mama akasema, akifuta machozi.

"Si shangazi," mwalimu akasema. Akapaza sauti, jirani wakasikia ukutani. "Mama Kasuku, hadubini niliivunja mimi, nyumbani kwangu, najionyesha kwa wakwe. Nikamnong'oneza mwanao aseme ni yeye. Aliyemfunga sauti ni mimi."

Mama alikaa chini.

"Wiki nane," akasema. "Wiki nane wifi yangu simpi hata salamu."

"Mama," Kasuku akasema, kwa sauti yake mwenyewe, nyembamba. "Nina njaa."

Shule haiazimi tena masanduku, na mwalimu mkuu alimwomba mtoto radhi mbele ya wote. Shangazi amerudi. Kasuku anaongea mpaka wanamwomba apumzike, na Mwalimu Sumaku akimuuliza swali darasani hujibu vizuri, kwa adabu.

Ila mwalimu akishusha sauti, hata kwa kupitiwa tu, mtoto huziba masikio yote mawili, akayashikilia hivyo mpaka kengele ilie.