Mche wa Tano

Mche wa tano ulikohoa.

Ilikuwa saa sita mchana, mwaka 1975. Sedekia, mtunza bustani wa mji wa Mbeya, alikuwa akimwagilia miche ya miringaringa kando ya barabara mpya. Wakubwa walitaka mikaratusi; yeye aliomba miti ya kwetu, yenye kivuli na maua meupe, akaenda kuichimba mwenyewe mlimani.

Kesho yake mche ulisema, “Baba, maji.”

Ndoo ilimponyoka. Leokadia, mwanawe wa pekee, alifariki Pasaka akiwa na miezi minane, hajatamka neno. Kwa hiyo Sedekia alijua kabisa kwamba huyu si wake, na bado akamimina maji, akasali, akarudi jioni, akarudi Jumapili baada ya ibada, na kila aliporudi palinuka maziwa yaliyochacha na udongo wa kaburi bichi, mpaka sauti ikaanza kumfuata nyumbani, ikaingia mlangoni, ikapita chini ya kitanda, ikatulia kwenye kimto cha marehemu, baba, baba, baba, naye akaitika kila mara, “Nipo, mama.”

Wiki ya tatu alikuja mwanamke kutoka mlimani, jina lake Paskalina, akasimama mbele ya mche wa tano.

“Shikamoo, baba. Huu mliutoa kwenye makaburi yetu?”

“Marahaba. Nilidhani ni msitu tu.”

“Sisi tukizika mtoto tunampandia mti. Wangu alikuwa wa miaka miwili. Alikufa kwa homa, akiomba maji. Hukuona mawe ya kaburi?”

“Niliyaona,” Sedekia alinong’ona. “Nikasema kuwaomba wafu ruhusa ni ushirikina.”

“Si wafu, baba. Ungeniomba mimi.”

Sedekia aliung’oa kwa mikono yake, akaufunga kwenye gunia pamoja na udongo wake. Njia nzima ya kupanda mlima kitu kile kilikuwa kikilia mgongoni mwake, kikimng’ang’ania shingo kwa vidole vya baridi, “Baba, usiniache,” na Paskalina alitembea mbele, hasikii lolote.

Wakaupanda katikati ya mawe. Paskalina akapiga magoti, akaweka sikio kwenye majani, akangoja sana.

“Mimi simsikii. Wewe je?”

“Baba,” majani yalisema, “twende nyumbani kwetu.”

Sedekia, mzee wa kanisa, alijifuta udongo mikononi.

“Namsikia,” alisema. “Anakuita wewe, mama yake.”