Mkalimani wa Mama

Kila jioni Lorraine alipotoka shuleni, alimsomea mama yake barua za siku hiyo katika fleti yao ya Alexandria, ugenini kwenye nchi ya Kiingereza. Mama yake, Aketch, alisafisha vyumba vya hoteli, na Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea maji tu. Wanawake wa kanisani walimwita Lorraine "Mheshimiwa Mkalimani," naye, msichana wa miaka kumi na miwili, alilipenda jina hilo kupita kiasi.

Siku moja kliniki, daktari alitaka kumpigia simu mkalimani wa Kiswahili.

"Hakuna haja, mimi nipo," Lorraine alisema.

Daktari akataja "haipatensheni" na vidonge vya kila siku. Lorraine hakulijua neno hilo. Alichojua ni kwamba darasani kwao Kamande, asiyetulia kitini, huitwa "haipa".

"Anasema una pilikapilika nyingi, Mum. Vidonge ni vya kukutuliza. Ukipumzika, huvihitaji."

"Kweli?"

"Kweli kabisa."

Wiki tatu baadaye, Aketch akivaa viatu aende kazini, alishika kichwa akakaa sakafuni. "Lorraine, mbona ukuta una ukungu?"

Lorraine alikuwa na kiatu cha mama mkononi. Alikimbia nacho kumwita jirani yao, nesi Leokadia. Leokadia alimpima Aketch presha, akaangalia namba, akaita ambulensi.

Hospitalini Lorraine na Leokadia walikaa kwenye viti vya plastiki, na hakuna aliyewaambia lolote. Hapo Lorraine alilia, akasema yote.

"Haipa ni neno la Wagiriki wa kale," Leokadia alisema polepole. "Maana yake juu, au kupita kiasi. Waingereza, Wafaransa, Wahispania, wote wamelichukua wakalibandika mbele ya maneno yao. Kamande amechangamka kupita kiasi. Mama yako, damu inasukuma kupita kiasi. Si ungeuliza tu, mwanangu?"

"Shangazi, atapona?"

"Sijui." Leokadia akamshika mkono. "Umesikia? Mimi nesi, nimesema sijui."

Jioni waliruhusiwa kuingia. Aketch alikuwa hai, ingawa jicho la kushoto lilikuwa bado na ukungu. Daktari alipokuja, Lorraine ndiye aliyeomba mkalimani apigiwe simu.

Lorraine alipokiri kwamba hakulijua lile neno la daktari, Aketch alimvuta karibu. "Ukisema hujui, tutamtafuta anayejua," alisema. "Lakini ukinidanganya, mwanangu, nitajuaje kwamba kuna cha kutafuta?"