Gari Lililokwisha Kutoka

Rafiki yangu Thadeus, mwalimu, hapendi kuulizwa habari hii. Jioni moja mwaka wa tisini na sita, daktari mwenye kliniki juu ya duka la Pankaj, mjini Kisii, alimwambia amkimbize bintiye Bosibori hospitali kubwa, asichelewe hata kidogo. Stima zilikuwa zimepotea mji mzima. Thadeus alimbeba mtoto, akapapasa ngazi hadi maegesho ya chini ya jengo, akamlaza kiti cha nyuma, huku kikohozi chake kikavu kikigonga kuta kama patasi ya mchongaji kwenye jiwe la Tabaka.

Getini, soja, mlinzi wa jengo, alimulika namba ya gari kwa tochi, kama alivyomulika kila gari kabla ya kulifungulia. Safari hii hakufungua.

"Mwalimu, hii gari imetoka saa hii tu."

"Ndugu yangu, mtoto ananifia. Fungua."

"Ni wewe nilifungulia. Na mtoto alikuwa hapo nyuma, anakohoa."

Thadeus alizima injini ili amsihi vizuri. Kiti cha nyuma kilikuwa kimya. Kikohozi kile kikavu kilisikika nje ya geti, gizani, kikiteremka na barabara ya hospitali, kikizidi kwenda mbali.