Seva Iliyoitikia Hodi

Msiniambie ni stori za vijiweni. Aniceti ni mdogo wangu wa tumbo moja, na mtoto wake nimembeba kwa mikono yangu mwenyewe.

Aniceti alichoka na mitandao ya wazungu, akaamua kufungua wake. Akanunua kompyuta ndogo, akaiweka stoo kwake Maisaka, hapa Babati, juu ya magunia ya mahindi, akasema hiyo ndiyo seva, mashine ya kuendesha mtandao wake. Watu wa Babati tukaanza kuandikiana humo: bei ya maharage, misiba, umbea. Wenye seva zao Arusha hadi ng'ambo waliona tunayoandika, nasi tukaona yao. Nilimsifu, kusema kweli.

Mgeni akitaka kujiunga alibonyeza "Hodi". Aniceti alimwangalia kwanza ni nani, ndipo akabonyeza "Karibu". Baadaye akaona kazi, akaipanga seva iwe inaitikia yenyewe. Nikamwambia, wewe, kwetu tulifundishwa hodi ya usiyemjua haiitikiwi ovyo. Akacheka, eti dada, hii ni mashine.

Wiki hiyo akaingia mtu asiye na jina wala picha. Akaandika: "Nimefika."

Kesho yake: "Kindness amelalia ubavu wa kushoto." Kindness ni binti ya Aniceti, hajatimiza mwaka. Edda, mama yake, akaenda chumbani kuangalia. Kweli.

Aniceti akatafuta mtu huyo anaandikia wapi. Seva ikamwonyesha ni humo humo ndani ya nyumba. Akamfuta. Mtu yule akarudi bila hodi. Mchana akaandika: "Leo nambeba."

Aniceti aling'oa waya wa seva. Edda akamfunga mtoto mgongoni, akapanda bodaboda hadi kwangu Nangara. Nikampokea mtoto, nikafunga mlango na madirisha, jua linawaka. Niliogopa, sifichi.

Simu ikaita. Ni Sylvesta, rafiki wa Aniceti mwenye seva yake Arusha. Aliongea chini chini.

"Dada, yule mtu bado anaandika. Naona huku kwangu."

"Haiwezekani. Seva imezimwa."

"Anasema Nangara kuna vumbi."

Hapo hapo tukasikia hodi mlangoni. Sauti ya Aniceti. Nikamwashiria Edda anyamaze. Lakini mke na sauti ya mumewe, utamzuiaje?

"Karibu," akasema.

Mlango haukufunguka. Kindness akanyoosha mikono juu, akacheka. Mikononi mwangu akapungua uzito. Kidogo. Halafu wote. Nikambana kifuani, nikalia.

Aniceti alifika jioni, anahema. Alikuwa hajapiga hodi popote.

Mtoto tunaye. Ananyonya, mashavu yamejaa, haumwi hata mafua. Juzi tulimpeleka kliniki kupima uzito. Nesi akamning'iniza kwenye mizani, mshale haukusogea. Akaleta mizani nyingine. Haukusogea. Edda ndiye aliyenigusa bega nitazame kamba za mizani. Zilikuwa zimelegea zote, na mtoto yuko hewani pale pale, anacheka.